Digrii ya sheria ya kusoma kwa masafa: Law School wataipokea?

Toleo hili nimeamua nijibu maswali ya aina moja tu, manake yamejaa mpaka mhariri kaniambia bwana fanya namna. Watu wanasoma sheria wakiwa makazini, majumbani, wengine wako nje ya nchi, halafu wakifika katikati wanasikia maneno ya mtaani kwamba digrii ya kusoma kwa masafa haikufikishi Law School, kule unakopita baada ya digrii kabla ya kuapishwa kuwa wakili, roho inaruka. Nimechagua machache, majina nimeyaacha.

*Wakili habari za kazi. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Tukuyu, nasoma LLB, digrii ya kwanza ya sheria, Chuo Kikuu Huria, sasa niko mwaka wa pili. Mwalimu mwenzangu ambaye mdogo wake yuko Mlimani kila tukikaa stafu ananiambia natupa hela, eti Law School wanachukua waliosoma darasani tu, na hata wakinichukua sitoboi. Mume wangu naye ameanza kuuliza hii ada ni ya nini. Naomba uniambie ukweli, usinifiche.*
*Mwalimu, Tukuyu*

Mwalimu, shikamoo kama umenizidi, na kama hujanizidi basi habari za Tukuyu na baridi yake.

Maneno ya mwenzako yana nusu mbili, nikianza na ile ya kwanza, huo ni uongo mtupu. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kimeanzishwa kwa sheria ya Bunge, Sheria Namba 17 ya mwaka 1992, na wanafunzi wa kwanza wakaanza 1994. Kinasimamiwa na Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, kama vyuo vingine vyote. Hicho sio chuo cha mtu aliyepanga vyumba viwili ghorofani Kariakoo. Sasa Sheria ya Mawakili, ile Sura ya 341, inachotaka ni digrii ya sheria kutoka chuo kinachotambuliwa, na anayeangalia kutambuliwa huko ni Baraza la Elimu ya Sheria. Soma hiyo sheria yote ukitaka, hakuna mahali imesema lazima uwe umelala bwenini au umepanga foleni ya ubwabwa kafteria. Waliosoma Huria wameingia Law School, wamemaliza, wameapishwa, wako mahakamani kila siku na majoho yao na hakuna jaji anayewauliza ulisomea wapi bwana. Wengine ni mahakimu. Hilo lifunge, na ukirudi stafu mwambie hivyo hivyo.

Nusu ya pili, kwamba hutatoboa, hapo nenda nayo taratibu, maana ndani yake kuna kitu ila kimewekwa sipo.

Unakumbuka 2022 yale matokeo ya Law School yaliyoleta kelele nchi nzima? Watu 633 walifanya mtihani, waliofaulu moja kwa moja 26, wenye sapu, yaani wa kurudia baadhi ya mitihani, 342, na 265 wakafeli kabisa. Ishirini na sita! Waziri wa Katiba na Sheria wakati ule, Dkt. Ndumbaro, akaunda kamati chini ya Dkt. Mwakyembe ichunguze kulikoni. Wakati huo kila mtu alitafuta wa kumtupia lawama, wengine wakasema ni vyuo, wengine wakasema ni Law School yenyewe inakamia watu, wengine Kiingereza, na wapo waliorukia moja kwa moja kwamba ni hawa wa masafa. Lakini hebu piga hesabu, kati ya watu 633 ukiwa na 26 tu waliopita, hao mia sita wengine wote wamesoma Huria? Haiwezekani. Waliosoma darasani miaka minne na mhadhiri mbele yao walianguka wengi tu, tena wengine wana GPA za kutisha.

Kwanini wanaanguka, mimi naona hivi, na hapa ni maoni yangu. Chuoni unaulizwa eleza, jadili, linganisha. Unamwaga kurasa sita, unapata B yako, maisha yanaendelea. Law School anakuja mteja kwenye karatasi, kaandikiwa stori yake yote imevurugika, mke kakimbia na kiwanja kimeuzwa na aliyeuza kafa, halafu unaambiwa andaa nyaraka za kufungua shauri. Hujaulizwa jadili. Umeambiwa tengeneza kitu ambacho kesho karani wa mahakama anaweza kukipokea. Chukua mfano mmoja mdogo kabisa, afidaviti, yaani hati ya kiapo. Mtu anaandika afidaviti safi, aya zimepangwa, ukweli umekaa, halafu mwishoni pale pa kuapia anasahau kuweka mahali na tarehe alipoapishwa. Sheria ya Notari na Makamishna wa Viapo, Sura ya 12, kifungu cha 8, inataka hivyo vitu viwili vionekane pale kwenye jurati. Vikikosekana wakili wa upande wa pili anasimama na pingamizi, na kama huna bahati siku hiyo maombi yako yote yanatupwa nje, mteja anakutazama usoni. Haya, jurati hiyo hufundishwi kwa kukariri nadharia za sheria, unaijua kwa kuiona na kuiandika mara nyingi mpaka mkono unazoea.

Na hapo ndipo msomaji wa masafa anapoumia zaidi kuliko wa Mlimani. Akili mnazo wote, ila yule ana wenzake ishirini wa kubishana nao jioni, ana mashindano ya kesi za kuigiza, ana kaka mwaka wa nne wa kumwambia bwana hiyo umekosea. Wewe uko Tukuyu na taa na notsi zako, unaenda kituo cha Mbeya siku za mitihani, unakaa ukumbini na polisi, manesi, mahakimu wa mahakama za mwanzo, watu wazima wenye vitambi, mnamaliza mnakimbilia basi kila mtu kwao. Hata ukifanya ule mtihani wa ODEX unaouomba mwenyewe ukiwa tayari, bado uko peke yako.

Kwa hiyo sio kwamba hutatoboa, ila una kazi ambayo mwenzako anaipata bure na wewe lazima uitafute. Hapo Tukuyu ipo Mahakama ya Wilaya ya Rungwe, shule zikifunga ingia ukae benchi la nyuma, ni mahakama ya wazi hakuna wa kukufukuza, sikiliza wakili anavyomuuliza shahidi na hakimu anavyomkata. Mahakama Kuu ikikaa Mbeya nenda siku moja mbili. Halafu TanzLII, ile tovuti ya sheria na hukumu za Tanzania, hukumu nyingi ziko humo bure kabisa, usisome muhtasari uliochapwa na mtu wa mwaka juzi, soma hukumu yenyewe kwa Kiingereza chake kirefu hicho hicho. Najua tangu 2021 sheria imesema lugha ya mahakama ni Kiswahili, ni hatua nzuri, lakini kesi za miaka sitini nyuma zimeandikwa Kiingereza na ndizo utakazozitegemea, sasa ukizikimbia leo utakutana nazo Law School zikiwa na mtihani mkononi.

Tafuta na wenzako wa Huria wanne watano wa Mbeya na Tukuyu mkutane, hata mara moja kwa mwezi, kila mmoja aje na hati ya madai aliyoiandika mwenyewe mzichane. Zichaneni kweli kweli, msioneane aibu.

Kuhusu mume, hapo mimi wakili tu bwana, ila ukimwonyesha hii barua inaweza kusaidia.

*Ndugu wakili, kijana wangu amemaliza form six, alama zake sio mbaya. Kuna ajenti hapa Mwanza anatuambia kuna chuo India kinatoa digrii ya sheria kwa mtandao, miaka miwili tu, bei nusu ya hapa, na akimaliza anakuwa wakili popote kwenye nchi za Jumuiya ya Madola. Tumeshatoa hela ya fomu. Nimalizie ada au nisubiri?*
*Mzazi, Mwanza*

Shikamoo mzee wangu. Usimalizie. Subiri kwanza, na hela ya fomu ichukulie imeenda.

India ina wanasheria wazuri mno na vyuo vikubwa, Watanzania wengi wamesoma kule wakarudi na sheria kichwani. Tatizo ni hiyo ya masafa. Chombo kinachosimamia mawakili kule kinaitwa Bar Council of India, na chenyewe digrii ya sheria iliyosomwa kwa posta au kwa mtandao hakiitambui kwa ajili ya uwakili. Kanuni zao za 2008 zinataka mwanafunzi ahudhurie darasani, asilimia 70 ya vipindi ndio kiwango cha chini cha kumruhusu kufanya mtihani. Sasa vipo vyuo vya kule ambavyo kwa miaka mingi vimetoa digrii za masafa zinazoitwa Bachelor of General Laws, ni za miaka miwili, na vyenyewe havifichi, hizo ni za kuongeza maarifa kwa mtu mwenye kazi yake, afisa wa benki au mtu wa utumishi, ajue sheria kidogo. Ajenti yeye anachukua kipeperushi kinachosema Laws anafunika hayo mengine kwa kidole gumba.

Mzee jiulize hivi, kama kijana hawezi kuwa wakili kule kule Delhi kwa hicho cheti, Dar es Salaam atakuwaje? TCU ndio wanaotathmini vyeti vya vyuo vikuu vya nje na moja ya mambo wanayoangalia ni kama cheti kinatambuliwa kilikotoka. Na hilo la "popote Jumuiya ya Madola" halipo jamani, halijawahi kuwepo, kila nchi ina mlango wake na bawabu wake. Hata sisi wenyewe ukiapishwa bara, kule Zanzibar wana utaratibu wao na orodha yao ya mawakili, na hapo hujavuka hata mpaka, umepanda boti tu.

Ila usije ukaelewa kwamba cheti chochote cha masafa kutoka nje ni takataka. Afrika Kusini wana UNISA, inafundisha kwa posta tangu 1946, na LLB yake inaingiza watu kwenye uanasheria kule kila mwaka. Mandela alipata LLB yake hapo UNISA mwaka 1989 akiwa bado mfungwa. Lakini tena angalia, sheria ya Afrika Kusini ina mchanganyiko wa Kirumi na Kiholanzi ndani yake, sisi tumetoka kwenye sheria ya Kiingereza, kwa hiyo hata na chuo kizuri namna hiyo ukirudi nacho hapa utaulizwa masomo gani umesoma moja baada ya jingine.

Kijana ana alama, mpeleke chuo cha hapa, cha darasani au Huria, vyote sawa. Na huyo ajenti mwambie akuletee barua ya TCU inayotaja hicho chuo na hiyo kozi kwa jina. Hatarudi, utaona.

*Assalaam aleikum wakili. Mimi ni dada wa Mombasa, nafanya kazi ofisi ya kliaringi, mambo ya mizigo na forodha, na nimependa sheria kwa sababu ya kesi za ushuru. Nataka kusoma LLB ya University of London kwa masafa kisha niingie Kenya School of Law. KCSE, mtihani wetu wa kumaliza sekondari, nilipata C+, Kiingereza B-, Kiswahili A. Wengine waniambia mlango umefungwa kwa sababu ya Kiingereza.*
*Dada wa Kizingo*

Waaleikum salaam dada. Kwanza hongera kwa hiyo A, na hapo hapo ndipo jibu lako lilipo. Sheria ya Kenya School of Law ya 2012 kwenye jedwali lake la pili inazungumza C+ ya jumla na B ya Kiingereza *au* ya Kiswahili. Hilo neno dogo katikati limewaokoa wengi wa Pwani. Waliokuwa wanakutisha hawajaisoma.

University of London si chuo cha kubabaisha, wamekuwa wakitoa digrii kwa watu waliosomea popote duniani tangu 1858, ndio mababu wa elimu masafa hawa. Hata chuo kikuu cha kwanza kwetu huku bara, kile kilichoanza Mtaa wa Lumumba Dar es Salaam 1961 na kitivo kimoja tu, cha sheria, kilianza kikiwa kishiriki cha London. Na Uganda kuna Susan Kigula, aliyekuwa amehukumiwa kunyongwa, kesi yenye jina lake ndio iliyofika Mahakama ya Juu kule 2009 na adhabu ya kifo ya lazima ikaondolewa. Alisoma sheria ya University of London kwa masafa akiwa gereza la Luzira. Kwa hiyo kusoma inawezekana dada, kama mtu amesoma ndani ya Luzira wewe na ofisi yako ya kliaringi yenye feni utashindwaje.

Shida yako itakuja baadaye. Cheti cha London ni cha nje, kwa hiyo kitapita kwanza Council of Legal Education, baraza la elimu ya sheria la Kenya, wakitambue, na hao wana orodha ya masomo ya lazima. London utasoma sheria ya Uingereza, mikataba yao, ardhi yao, katiba yao ambayo haijaandikwa kwenye kitabu kimoja. Ardhi ya Kilifi na mashamba ya watu wasiokuwa na hati hautaikuta mle. Wakiona kuna masomo yamepungua watakwambia ukayasomee chuo cha Kenya kwanza, hiyo ni ada nyingine na muda mwingine, kisha kuna mtihani wa kuingilia wanaouita pre-bar, halafu mafunzo yenyewe ya KSL na miezi sita ya kukaa chini ya wakili mzoefu. Wengi huanguka kwenye bajeti hapo, manake walihesabu ada ya London peke yake.

Na lingine, hizi sifa za kuingia KSL zimepiganiwa sana mahakamani, watu waliofeli KCSE wakapanda na diploma mpaka digrii walikataliwa wakashtaki, kesi zimefika hadi Mahakama ya Rufani. Wewe una C+ yako hilo halikuhusu sana, ila sheria inayopiganiwa hivyo inaweza kubadilishwa ukiwa mwaka wa tatu. Andikia Council sasa hivi, kabla ya kulipa London hata pauni moja, uwaulize digrii hii ya chuo hiki kwa njia hii, nikija nayo mtanitaka nini. Wakujibu kwa maandishi. Majibu ya simu mie siyahesabu.

*Kaka wakili, niko Columbus, Ohio, nafanya nesing homu usiku. Nimeona shule ya sheria ya California inafundisha kwa mtandao JD, digrii ya sheria ya huku Marekani, bei poa. Nikimaliza nataka nifanye uwakili hapa hapa au nirudi Bongo nifungue ofisi. Imekaaje?*
*Mbongo wa Ohio*

Imekaa upande kaka. California ni jimbo la peke yake kwa hili, wanaruhusu shule za sheria za masafa ambazo hazijaidhinishwa, ila wameweka geti. Ukimaliza mwaka wa kwanza tu unafanya mtihani wa jimbo, wenyewe wanauita beibi baa, mikataba, makosa ya madai na jinai, na usipoupita ndani ya nafasi tatu za mwanzo, masomo utakayokuwa umeyasoma zaidi ya mwaka wa kwanza hayahesabiwi. Wengi wanabaki hapo. Ukipita, ukamaliza, ukashinda baa ya California, yaani mtihani wenyewe wa uwakili, wewe ni wakili wa California. Ohio ni kwingine. Majimbo mengi kwa miaka mingi yamekuwa yanataka JD ya shule iliyoidhinishwa na American Bar Association (ABA), chama cha mawakili wa Marekani, basi.

Mambo yanalegea kidogo, sikatai. Concord, iliyoanza 1998 ikiwa ya kwanza ya mtandao mtupu, siku hizi iko chini ya Purdue Global, na Indiana imewafungulia wahitimu wa namna hiyo njia ya kuomba kufanya baa yao tangu 2024. ABA wenyewe wamepandisha kiasi cha vipindi vya mtandao, na St. Mary's ya Texas ilianza 2022 JD ya mtandao mzima yenye idhini ya ABA. Hiyo sasa ndio ya kuulizia, ingawa bei yake sio poa.

Bongo nako, JD ya shule isiyoidhinishwa hata na Wamarekani wenyewe ukiileta TCU utakaa nayo. Kama nia yako ya kweli ni kurudi kufungua ofisi, kwanini usisome sheria ya huku? Huria wapo, waulize utaratibu wa mwanafunzi aliye nje. Na kama nia yako ni kubaki Ohio, soma ya Ohio. Hizo nia mbili kwa cheti kimoja ndio zinakuchanganya.

Haya mafupi, nayapitisha haraka.

Kijana wa Dodoma mwenye digrii ya uhasibu anauliza akisoma LLM kwa mtandao anaweza kuruka LLB aende Law School. Hapana. LLM ni ghorofa ya pili na mlango wa Law School uko chini, wanataka LLB. Usisikilize wanaouza masta kwa kukwambia ni njia ya mkato.

Askari wa Tabora ana diploma ya sheria ya masafa, anauliza imtoshe kusaini hati za watu mtaani kwa elfu tano tano. Afande, hiyo inaitwa kuwa kishoka, na wewe ndio unatakiwa uwakamate.

Dada wa Unguja ana digrii ya sheria na sharia, anaogopa kwamba neno sharia litamponza bara. Kama ni ya chuo kinachotambuliwa na masomo ya msingi yamo ndani yake, hilo neno halimponzi mtu.

Mama wa Singida cheti chake cha form four kina majina mawili, cha Huria kina matatu, na kitambulisho cha NIDA kina ukoo wa mume. Mama hilo lishughulikie mwezi huu huu, usingoje mpaka siku ya kuomba, maana nimeona watu wenye alama nzuri wanabaki nje wakikimbizana na hati ya kubadili jina wakati wenzao wameshaanza vipindi. Yapatanishe majina kwa hati ya kubadili jina iliyosajiliwa, ambatisha nakala kwenye kila kitu.

*Wakili, mimi ni mtumishi wa halmashauri huko Kigoma. LLB ya Huria nimemaliza, nashukuru Mungu, nilisoma bila kuacha kazi hata siku moja. Sasa Law School nayo naweza kuisoma hivyo hivyo nikiwa Kigoma? Na nikishindwa kwenda, digrii yangu inanisaidia nini?*
*Mtumishi, Kigoma*

Hongera sana ndugu yangu, kumaliza Huria ukiwa kazini si mchezo, wengi tunaoanza nao hatumalizi nao.

Law School ni kitu kingine. Sheria yake ni ya 2007, mafunzo yakaanza 2008, na lengo lilikuwa hasa kuwatoa watu kwenye kusoma wawaweke kwenye kufanya. Unatakiwa uonekane pale Dar es Salaam, Sam Nujoma, darasani, halafu unapelekwa mahakamani na kwenye ofisi za mawakili ukajifunze kwa macho na mikono. Digrii umeipata ukiwa Kigoma, sawa, hii jipange kuhama kwa muda. Na hapa ndipo nawasikitikia watu wa masafa kuliko mahali pengine popote, wanakuwa wamejipanga miaka sita kwa maisha ya kusoma na kufanya kazi, kisha mwishoni wanakuta kipande hiki kinadai waache kazi, wapange chumba Sinza, walipe ada, na nyumbani watoto wanakula. Serikali ingeangalia hili. Mikoa ina mahakama kuu, ina mawakili wa kujifunza kwao, sioni kwanini kila mtu ashuke Dar.

Kuhusu kushindwa kwenda, digrii haiozi. Utaendelea kuwa mtu mwenye shahada ya sheria, unaweza kubadilishiwa kada kwenye baadhi ya nafasi, masuala ya uchunguzi, kodi, rasilimali watu. Ila uwakili hupati, uhakimu mkazi na uwakili wa serikali nao matangazo ya ajira yanataka uwe umepita Law School, kwa hiyo milango ile uliyosomea hasa inabaki imefungwa nusu.

Fanya hivi. Wewe ni mtumishi wa umma, una haki ya kuomba ruhusa ya masomo, na inapita vizuri zaidi kama jina lako limo kwenye mpango wa mafunzo wa halmashauri, kwa hiyo nenda kwa afisa utumishi kabla bajeti haijafungwa umwombe akuingize. Usiombe nafasi Law School kwanza halafu ukaja na barua ya kuitwa ukidhani watakuhurumia, wapo walioondoka hivyo wakakuta mshahara umesimamishwa kwa utoro kazini. Anza na mwajiri, Law School wanaita kwa awamu, ukikosa hii utapata inayofuata. Barua ya kuomba ruhusa ipitie kwa mkuu wako wa idara, igongwe muhuri wa kupokelewa siku hiyo hiyo, na nakala moja ibaki kwako.